Tunawe kwa Maji Gani?

Jumatatu tarehe 23 Machi 2020, Korti ya Kasasyo mjini Kinshasa ilimhukumu Oly Ilunga, waziri wa zamani wa afya, miaka mitano ya kazi ngumu kwa kupora zaidi ya dola 400,000 zilizotengwa kupambana na Ebola. Jioni ya siku iliyofuata Rais Félix Tshisekedi alijitokeza kwenye televisheni akatangaza hali ya dharura nchi nzima. Korona imeingia, Kinshasa inatengwa na majimbo, mipaka inafungwa kwa abiria, na kila Mkongomani anaombwa afuate maagizo ya wataalamu wa wizara ya afya. Wizara ileile.

Habari hizo mbili zilifika Baraka karibu kwa mkupuo mmoja, redioni na kwenye simu. Hasira ya miezi iliyofuata haieleweki mpaka ziwekwe pamoja. Wageni wengi waliiita ujinga, au uvumi, au ukaidi wa watu wa mbali. Ukiifuatilia tangu mwanzo unakuta ni hesabu: watu waliipima serikali kwa magonjwa ambayo iliyakuta kwao zamani, ikayaacha yalivyo.

Baraka imekaa kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika teritware ya Fizi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa kwa njia ya anga. Mwaka 2020 aliyetaka kwenda makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kusini alishika barabara ya taifa namba 5, karibu kilomita 90 hadi Uvira, kisha akapanda milima hadi Bukavu. Mvua ikishika, lori hulala njiani. Lakini ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, na Kigoma ni kama nyumbani. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi na Uvira hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na wengine bado wako huko. Kuanzia 2005 meli za Umoja wa Mataifa ziliwarudisha wengi wao na kuwashusha papa hapa Baraka. Kitenge, sabuni, unga na habari huja kwa boti. Mtu wa Baraka akitaka kujua ugonjwa umefika wapi, humpigia simu shemeji yake aliyeko Kasulu kabla ya kumsubiri msemaji wa serikali.

Na shemeji huyo, mwaka 2020, alikuwa na habari za kushangaza.

Ziwa moja, serikali tatu, kauli tatu. Upande wa Kongo shule zilifungwa tangu Machi, baa na makanisa pia, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikapigwa marufuku. Upande wa Tanzania Rais John Magufuli aliacha makanisa na masoko wazi. Tarehe 29 Aprili serikali yake ilitoa hesabu ya mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza. Siku chache baadaye rais mwenyewe akasema sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimerudi zikiwa na korona. Upande wa Burundi kampeni za uchaguzi zilijaza viwanja. Katikati ya Mei serikali ya Pierre Nkurunziza ikamfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu watatu, watu wakapiga kura tarehe 20 Mei, na tarehe 8 Juni Nkurunziza akafariki ghafla. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, hakumaliza mwezi madarakani kabla ya kutangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi. Magufuli naye alifariki Machi 2021, na Julai ya mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera.

Fikiria mchuuzi wa ndagala anayezisikia kauli hizo zote katika wiki moja, kwa lugha anazozielewa zote. Mmoja anamwambia afunge kibanda, wa pili anamwambia asali na achape kazi, wa tatu anamwambia aje mkutanoni. Hakuwa na maabara ya kuamua nani anasema kweli. Alichokuwa nacho ni watoto wanaokula kila siku na mtaji unaoishia mfukoni. Forodha ya Kavimvira, inayounganisha Uvira na Gatumba ya Burundi, ilifungwa kwa wapitaji na haikufunguliwa tena hadi Juni 2021. Akina mama waliozoea kuvuka asubuhi na kurudi jioni na beseni tupu walibaki na beseni zilizojaa. Magari makubwa na meli za mizigo ziliruhusiwa kupita. Amri iliyomzuia mwenye beseni ikampisha mwenye lori ilionekana wazi imeandikwa na mtu asiyejua watu wa ziwa wanaishije.

Kisha kuna maji.

Agizo la kwanza kabisa la kujikinga na korona, lililobandikwa kwenye kila ukuta na kuimbwa katika kila redio, lilikuwa kunawa mikono kwa maji safi na sabuni. Katika mji ambao sehemu kubwa ya watu huteka maji ziwani au kwenye mito inayoshuka kutoka milimani, swali lilijitokeza lenyewe: tunawe kwa maji gani? Wakati huo hata nusu ya Wakongomani hawakuwa na huduma ya msingi ya maji ya kunywa, na vijijini hali ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya Aprili 2020, wiki tatu hivi tangu hali ya dharura itangazwe, mito ya Uvira ilifurika usiku, ikaua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mitambo iliyokuwa ikiusambazia mji maji. Waliopoteza nyumba walilazwa mashuleni na makanisani, bega kwa bega, katika majengo yaliyofungwa ili watu wasikusanyike. Karibu na Baraka, katika kambi ya Lusenda iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, familia zilisikia ushauri uleule wa kukaa mbalimbali zikiwa ndani ya vibanda vilivyobanana.

Swali la maji liliuma zaidi kwa sababu Baraka ilikuwa inaishi na janga jingine la dunia tangu zamani. Kipindupindu cha sasa ni wimbi la saba katika historia. Lilianza Indonesia 1961, likaingia Afrika 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 lilikuwa limeshika kingo za Ziwa Tanganyika. Halijaondoka. Watafiti wa Kongo na wa Ufaransa wamechora ramani zinazoonyesha kuwa miji ya maziwa ya mashariki, kuanzia Goma na Uvira kushuka hadi Fizi na Kalemie, ndiko ugonjwa unakojificha misimu ya utulivu na ndiko unakotokea kwenda kwingine. Mwaka 2017 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000. Dawa yake kubwa inajulikana tangu karne ya 19: mabomba, maji yaliyotibiwa, vyoo. Mama wa Baraka anayemkimbiza mtoto mwenye macho yaliyoingia ndani kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu anajua hayo bila kuambiwa na mtu. Kila mwaka anaona mahema yakisimamishwa, klorini ikimwagwa kwenye ndoo pale ufukweni, wafadhili wakija na wakiondoka. Bomba halifiki mtaani kwake.

Kwa hiyo serikali ilipoonyesha mwaka 2020 kwamba inaweza kufunga nchi ndani ya siku chache, kukusanya mawaziri usiku na kuomba mabilioni nje, watu waligundua jambo zito. Uwezo wa kuharakisha ulikuwepo muda wote. Haukuwahi kutumika kwa ajili yao.

Surua ilikuwa imelifundisha somo hilohilo. Mwanzoni mwa Januari 2020, kabla neno korona halijafika Fizi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mlipuko wa surua nchini Kongo umepita vifo 6,000, wengi wao watoto, katika wagonjwa wapatao 310,000. Wakati huo ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote duniani na chanjo yake ilikuwepo. Hakuna mpaka uliofungwa kwa ajili ya surua.

Ebola nayo iliacha kovu la aina nyingine. Mlipuko wa kumi, uliotangazwa Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Agosti 2019 ulikanyaga Kivu ya Kusini, kwenye teritware ya Mwenga inayopakana na Fizi. Katikati yake serikali ilifanya jambo ambalo mashariki haijalisahau: Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilisogeza kura za Beni na Butembo hadi Machi mwaka uliofuata, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Zaidi ya wapigakura milioni moja walikuta mshindi amekwisha kupatikana. Waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola. Miezi minne baadaye daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo. Kifo chake hakina utetezi wowote. Lakini ugonjwa ukishatumiwa kuwanyima watu kura, wahudumu wa afya ndio wanaolipa kwa kukosa kuaminiwa, kwa sababu wao ndio wanaofika mlangoni.

Kinshasa haikusaidia. Tarehe 10 Machi 2020 waziri wa afya Eteni Longondo alipotangaza mgonjwa wa kwanza, alisema ni Mbelgiji. Muda mfupi baadaye ikasahihishwa kuwa ni Mkongomani anayeishi Ufaransa. Mwanzoni mwa Aprili profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa waliogundua Ebola 1976 na kiongozi wa kitaalamu wa mapambano dhidi ya korona, alisema kuwa Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Siku mbili kabla, kwenye televisheni ya Ufaransa, daktari mmoja na mtafiti mmoja walikuwa wamejadili kujaribu chanjo Afrika, na bara zima lilikuwa linatokota. Muyembe alirudi haraka kueleza kwamba hakuna jaribio litakaloanza Kongo kabla ya kufanyika Marekani na China. Ni mwanasayansi aliyetumia maisha yake kuokoa Wakongomani, na maelezo yake yalikuwa ya kweli. Yalichelewa. Neno la kwanza lilikuwa limeshavuka ziwa.

Pigo kubwa zaidi kwa imani ya Kivu ya Kusini lilitoka Bukavu, kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita mropokaji. Denis Mukwege, daktari wa hospitali ya Panzi na mshindi wa tuzo ya Nobel ya amani ya 2018, alikuwa amekubali kuongoza tume ya afya ya jimbo katika mapambano hayo. Tarehe 10 Juni 2020 alijiuzulu. Sababu alizitaja waziwazi. Sampuli zilipelekwa Kinshasa na majibu yalichukua zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo mgonjwa alipona, au alifariki, au alikwisha kuambukiza mtaa mzima kabla ya kujulikana. Uratibu ulikuwa dhaifu. Mipaka ilivuja na watu walizidi kuingia. Hatua za kinga zilitangazwa bila kusimamiwa. Alisema anarudi hospitalini kuwatibu wagonjwa.

Ukiiweka kauli hiyo mbele ya mkazi wa Baraka, aliye mbali hata na Bukavu, maana yake inakuwa kubwa zaidi. Ikiwa Mukwege, mwenye jina linalofungua milango Oslo na New York, hawezi kupata majibu ya vipimo kwa wakati, muuguzi wa kituo cha Mboko au Kazimia atayapata lini?

Fedha nazo zilihesabiwa. Aprili 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 47 kwa ajili ya Kongo kupambana na korona, na Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa mkopo wa dharura wa dola milioni 363. Takwimu hizo zilisomwa redioni. Kiangazi cha mwaka huo wahudumu wa timu za korona Kinshasa waligoma wakidai malipo ya miezi. Julai, naibu waziri wa afya mwenyewe, Albert M'peti Biyombo, alimwandikia waziri mkuu barua iliyovuja, akilalamikia mtandao wa kimafia ndani ya wizara uliodai asilimia hadi 35 ya fedha zinazopelekwa kwenye taasisi. Agosti 2021 Eteni Longondo, ambaye hakuwa tena waziri, aliwekwa rumande katika gereza la Makala akituhumiwa kuhusu matumizi ya fedha za korona, na baadaye akaachiwa. Kwa mara ya pili ndani ya miaka miwili waziri wa afya aliyesimamia janga aliingia gerezani. Mmoja alihukumiwa, mwingine alituhumiwa tu, na tofauti hiyo ni kubwa kisheria. Kwa aliyekuwa akinunua barakoa kwa hela ya chumvi, picha ya milango ya Makala ilikuwa ni ileile.

Hasira hiyo ilikuwa na gharama, na gharama haikulipwa Kinshasa. Kituo cha afya nchini Kongo, kwa sehemu kubwa, huishi kwa ada za wagonjwa. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanagawana kinachobaki mwisho wa mwezi baada ya dawa kununuliwa. Watu walipoanza kuogopa vituo, kwa kuhofia kutangazwa wana korona au kutengwa na familia, kikapu cha ada kilipungua. Muuguzi asiye na malipo akashika jembe au akaenda migodini Misisi. Malaria, ambayo kila mwaka huua watoto wengi kuliko korona ilivyoua Fizi, ilipata nafasi ya kutamba. Ndiyo sababu kuwalaumu watu kwa woga wao hakutoshi: mfumo uliofanya uhai wa kituo utegemee woga au ujasiri wa mgonjwa ulikuwepo kabla ya virusi.

Desemba 2020 likaja pigo jingine. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakifanya kazi Baraka tangu 2003, walitangaza kuondoka katika sehemu kubwa ya teritware ya Fizi baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa na watu wenye silaha. Hao ndio waliokuwa wakitibu bure watoto wenye malaria na wagonjwa wa kipindupindu. Hapa watu wa Fizi wenyewe wana deni la kulitazama. Bunduki zilizofukuza madaktari hazikutumwa na wizara. Lakini kulinda barabara na kuwakamata washambuliaji ni kazi ya serikali, na katika miezi hiyohiyo milima ya Minembwe na Itombwe ilikuwa inaungua kwa mapigano. Kilichojaza barabara za Uvira na Fizi kwa maandamano mwaka huo kilikuwa suala la komini ya Minembwe, iliyozinduliwa Septemba na kusimamishwa na rais Oktoba. Korona ilikuwa chini katika orodha ya vitu vinavyoua.

Chanjo iliingia katika udongo huo. Tarehe 2 Machi 2021 dozi milioni 1.7 za AstraZeneca zilitua Kinshasa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Serikali ilisitisha kuanza kwa sababu ya habari za damu kuganda Ulaya, ikaanza tarehe 19 Aprili, na kabla mwezi haujaisha ikatangazwa kwamba dozi milioni 1.3 zitapelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Rais mwenyewe alisema hadharani kuwa alisita kuchanjwa AstraZeneca. Alichanjwa Septemba, kwa Moderna. Mwaka ulipoisha, waliokamilisha chanjo hawakufika asilimia moja ya Wakongomani. Reko, wale wajitolea wanaopita nyumba kwa nyumba bila mshahara, waliulizwa swali wasilokuwa na jibu lake: kama mkubwa wa nchi anasita, mimi nikimbilie nini?

Ni haki kusema pia kilichokwenda vizuri. Vifo vya korona vilivyothibitishwa nchini Kongo havikufika 1,500 katika janga zima, na ingawa vipimo vilikuwa haba, mawimbi ya vifo yaliyotabiriwa hayakuonekana. Ujana wa wananchi ulichangia. Timu za Muyembe zilichangia. Katika Baraka, reko na wachungaji na maimamu waliobeba ndoo zenye bomba dogo hadi milangoni mwa makanisa na misikiti walichangia, wengi kwa sabuni waliyoinunua wenyewe.

Miaka mitatu baada ya korona kuingia, ugonjwa mpya ulizuka karibu zaidi. Septemba 2023, Kamituga, mji wa dhahabu katika teritware ya Mwenga, uligundulika na aina mpya ya mpox inayoenea kwa kugusana na kwa ngono. Mara hii dunia ilikuwa na chanjo kwenye maghala, na Marekani na Ulaya zilikuwa zimewachanja watu wao mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Dozi za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba, na uchanjaji ukaanza Goma mwezi uliofuata. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu Kamituga. Safari hii lawama hazikuwa za Kinshasa peke yake. Viwanda, nchi tajiri na taratibu za kuidhinisha chanjo zote zilikuwa na sehemu yake.

Katiba ya 2006, ibara ya 175, inasema majimbo yana haki ya asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakikatwa papo hapo kabla hayajapanda Kinshasa. Hakuna serikali iliyoitekeleza kikamilifu tangu hapo, si ya Joseph Kabila wala ya Tshisekedi. Fedha hupanda zote, kisha hushuka kidogo kidogo, kwa kuchelewa, kwa hisani ya waziri wa fedha. Fizi ina dhahabu ya Misisi, samaki wa ziwa na ushuru wa bandari ya Baraka. Kwa sehemu ndogo ya asilimia hizo, zoni za afya za Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge zingeweza kuwalipa wauguzi wao mshahara wa kila mwezi, na jimbo lingeweza kuvuta maji ya milimani hadi mitaa ya Baraka na kuweka maabara yake lenyewe, ili sampuli ya mgonjwa isisafiri kilomita 1,500 kwenda kuuliza anaumwa nini.